Urithi wa Utawala Katika Nchi ya Musoma

Mtu akiulizwa jinsi utawala unavyorithiwa, hujibu upesi kwamba mfalme akifa mwanawe hukaa mahali pake. Jibu hilo ni kweli katika nchi nyingi za dunia. Walakini katika nchi iliyo kati ya Mto Mara na Ghuba ya Speke lilikuwa kweli kwa muda mfupi tu, na muda huo umekwisha pita. Nchi hiyo ndiyo leo yenye Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama. Zamani sehemu hizo zote zilikuwa chini ya wilaya moja ya Musoma, nasi katika habari hizi tutaiita kwa jina hilo la zamani, ili tusiyarudie majina matatu kila mara.

Jambo hili lafaa kujulikana vema, kwa maana mpaka leo huleta ugomvi. Mmoja husema, "Babu yangu alikuwa chifu, basi haki ya utawala ni yetu." Mwingine hujibu, "Babu yako aliwekwa na Serikali. Wenye nchi ni sisi." Kila mmoja ana sehemu ya kweli, lakini hawasikilizani, kwa sababu wanatumia neno moja kwa vitu viwili mbali mbali. Kusudi la habari hizi ni kuvitenga vitu hivyo, ili mwalimu apate kuwaeleza wanafunzi wake, na wazee wakiitwa kuamua shauri la namna hii wajue hasa ni shauri gani lililo mbele yao.

NCHI ISIYO NA MFALME MMOJA

Kabla ya Wadachi (yaani Wajerumani) kuingia, Wazanaki hawakuwa na mfalme wa kabila zima. Nchi yao iligawanyika katika sehemu kadha wa kadha, kama vile Busegwe na Butiama, na kila sehemu ilijitegemea kwa mambo yake. Jirani zao wengi walikuwa katika hali hiyo hiyo, kama Wanata, Waikoma na Wakuria. Mgeni aliyefika akitafuta jumba la mfalme, askari wake na hazina yake, hakuona kitu, akadhani kwamba watu hawa hawana utawala. Alikosea. Utawala ulikuwako, ila haukuwekwa mkononi mwa mtu mmoja.

Tutwae mfano wa Wakuria, ambao mambo yao yameandikwa sana. Kwao lilikuwako baraza la siri la wazee wachache, jina lake inchama, nalo liliangalia mambo mazito ya nchi, kama uchawi, magonjwa, na wakati wa kutahiri vijana. Tena ulikuwako mkutano wa hadhara, jina lake iritongo, ambamo mashauri yalinenwa mbele ya watu. Hakuna mmoja katika wazee hao aliyeweza kusema, "Nchi hii ni yangu, nami nitamwachia mwanangu."

Je, urithi ulikuwa wapi? Ulikuwa katika vizazi. Katika sehemu nyingi za nchi hizi watu wamegawanyika katika safu mbili kuu, nazo huitwa Saai na Chuma. Mtu huzaliwa katika safu ya baba yake. Kwa Wakuria kila safu ina majina manne ya vizazi, nayo hufuatana kwa zamu: baba ana jina la kwanza, mwanawe la pili, mjukuu la tatu, kitukuu la nne, kisha jina la kwanza hurudi kwa kilembwe. Kizazi kimoja kikizeeka hukiachia kizazi kingine kazi ya kuiangalia nchi. Basi hapo mtu hakumrithi mtu. Watu wengi waliwarithi watu wengi kwa wakati mmoja. Mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri walipata daraja moja, maadamu baba zao walikuwa wa kizazi kimoja.

Desturi hiyo ilikuwa na faida kubwa. Katika nchi zenye wafalme, siku ya kufa mfalme ndiyo siku ya hofu, maana ndugu huweza kushika mikuki kugombea kiti. Hapa kiti hakikuwako, basi kifo cha mzee mmoja, hata awe mkubwa namna gani, hakikuitikisa nchi. Lakini ilikuwa na upungufu wake pia. Alipokuja adui mwenye bunduki na amri moja, hapakuwa na mtu mmoja wa kuwaita watu wote pamoja na kusema kwa niaba yao.

WENYE MVUA

Juu ya hayo walikuwako watu walioheshimiwa kupita wengine kwa sababu ya kazi yao, nao ndio waganga wa mvua na wabashiri. Nchi hii hulimwa mtama na ulezi, na ng'ombe hulishwa mbugani. Mvua ikichelewa watu hufa njaa. Aliyesadikiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua alikuwa na heshima ambayo mwenye mali hakuipata kwa ng'ombe zake.

Wazee wa Ikizu, ambayo sasa iko katika Wilaya ya Bunda, husimulia habari za mwanamke aitwaye Nyakinywa. Alitoka Kanadi katika nchi ya Wasukuma, akaja akiwa na ujuzi wa mvua. Akamkuta mwindaji aitwaye Isamongo, naye alikuwa na moto. Wakashindana ili ijulikane mwenye nguvu ni nani. Isamongo akatumia moto wake, na Nyakinywa akaleta mvua, ikauzima moto. Kisha wakapatana, wakakaa pamoja, na utemi wa Ikizu ukawa wa Nyakinywa na wale waliomfuata. Habari hizi husimuliwa pamoja na zile za Muriho, mwanzilishi mwingine, ambaye jina lake limo katika Mlima wa Chamuriho.

Msomaji ayaangalie mambo matatu katika kisa hicho. La kwanza, aliyepata utemi ni mgeni, tena mwanamke. Hakuupata kwa kuzaliwa katika nchi ile. La pili, aliupata kwa kazi ambayo watu waliihitaji kuliko kazi nyingine zote. La tatu, mwenyeji hakufukuzwa. Alipatana na mgeni, na kila upande ukawa na sehemu yake. Kama habari hii ilitokea sawasawa kama isimuliwavyo au sivyo, haidhuru. Inatufundisha jinsi Waikizu wenyewe walivyoufahamu utemi: ni patano kati ya wenye ujuzi na wenye nchi.

Kwa Wasukuma, alikotoka Nyakinywa, zamani mtoto wa kiume wa mtemi hakumrithi baba yake. Mrithi alitafutwa katika upande wa wanawake wa ukoo wa kitemi, yaani watoto wa dada au wa binti wa ukoo ule, na waliomchagua ni wazee waitwao banang'oma. Faida yake ni dhahiri. Mtoto aliyezaliwa na binti wa ukoo hana shaka kuwa ni damu ya ukoo. Na watoto wa mtemi hawakukua wakidhani kwamba nchi ni mali ya baba yao. Tena mtemi hakuwekwa kwa maisha bila masharti. Mvua ikikoma, au mazao yakiharibika mwaka baada ya mwaka, aliweza kuondolewa na mwingine kutafutwa. Damu ilimpa mtu nafasi ya kuchaguliwa, wazee wakampa kiti, na mvua ndiyo iliyomweka kitini.

UKEREWE, NG'AMBO YA GHUBA

Msomaji wa Bunda akisimama ufukoni aweza kusema, "Mbona ng'ambo kule Ukerewe walikuwako wafalme?" Ni kweli. Wakerewe walikuwa na mtawala mmoja aitwaye Omukama, wa ukoo wa Wasilanga, na makao yake yalikuwa Bukindo. Utawala huo ulikuwa wa kale, na kazi ya Omukama ilikuwa pamoja na kuangalia mvua ya nchi yake.

Henry Stanley alipofika mwaka 1875 alimkuta Omukama Lukonge akitawala. Mwezi wa Desemba 1877 wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani katika vita, na tangu hapo jina la Lukonge likajulikana vibaya kwa Wazungu. Mwaka 1895 Wadachi walimwondoa, wakamweka Mukaka, mtu wa ukoo ule ule wa Wasilanga.

Tendo hilo laonyesha jambo kubwa. Kiti kilibaki, na ukoo ukabaki, lakini mwenye kuchagua amebadilika. Zamani Omukama aliyeshindwa kazi aliwaogopa watu wake; sasa alipaswa kumwogopa bwana wa ngome ya Mwanza. Hivyo hata pale palipokuwa na ufalme wa kweli, urithi ulianza kutoka mikononi mwa wenyeji.

CHIFU WA SERIKALI

Katika Musoma kazi ya Wadachi ilikuwa ngumu zaidi, maana hawakukuta kiti cha kumweka mtu. Serikali yataka kodi, yataka watu wa kazi, yataka mtu wa kupokea amri na kuzipeleka kwa wengine. Haiwezi kusema na kizazi kizima. Kwa hiyo wakauliza kila mahali, "Mkubwa wenu ni nani?" Mahali pengine watu wakamtoa mganga wa mvua, pengine wakamtoa mzee wa ukoo mkubwa, pengine alionekana mtu aliyejua kusema na wageni. Aliyetolewa akaandikwa, na alipokwisha andikwa akawa chifu.

Butiama yatupa mfano ujulikanao. Mwaka 1915 Wadachi walimweka Burito kuwa chifu wa sehemu hiyo. Alizaliwa yapata mwaka 1860, na jina lake jingine lilikuwa Nyerere, maana yake kwa Kizanaki ni kiwavi, kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Mwaka uliofuata, 1916, Waingereza waliiteka Mwanza, na utawala wa Wadachi ukaisha katika pande hizi. Waingereza hawakumwondoa Burito. Walimthibitisha, akatawala hata alipokufa mwaka 1942, mtu wa miaka themanini na zaidi. Alikuwa na wake 22.

Mwaka 1925 akaja Gavana Donald Cameron, naye ndiye aliyelifanya jambo hili kuwa sheria. Kabla ya kuja Tanganyika alikuwa Katibu Mkuu wa Serikali katika Nigeria, ambako Waingereza walikuwa wakitawala kwa njia ya wafalme wa wenyeji. Aliamini kwamba kila kabila lapasa kutawaliwa na wakubwa wake wa asili. Sheria ya mwaka 1926 ikawapa machifu baraza la kuhukumia, hazina ya wenyeji, na mshahara mahali pa ng'ombe na nafaka walizokuwa wakipelekewa na watu. Chifu akawa mtu wa kukusanya kodi, kusikiliza kesi, na kutangaza amri za kilimo na za njia.

Nia ya sheria hiyo ilikuwa kulinda desturi. Lakini katika Musoma ilipata kuanzisha desturi mpya na kuiita ya kale. Kilichoandikwa kitabuni kikawa ndicho kweli. Mtu aliyechaguliwa kwa sababu ya haja ya siku moja akawa na ukoo wa kitawala, na watoto wake wakaanza kuitwa watoto wa chifu. Serikali yenyewe iliona shaka baadaye, maana mwaka 1945 mtaalamu wake wa mila, Hans Cory, aliandika taarifa juu ya jinsi watu wa Musoma walivyojitawala kabla ya Wazungu, akatoa shauri kwamba koo zitumiwe katika utawala.

UFALME WA WAEDO

Ili kufahamu vizuri tofauti iliyopo, tuitazame nchi ile aliyotoka Cameron. Katika Nigeria ya kusini wako watu waitwao Waedo, na mji wao mkuu ni Benin. (Mji huo usichanganywe na nchi ya Benin, ambayo ni jirani ya Nigeria.) Mfalme wao huitwa Oba. Ukoo wa kifalme uliopo huhesabiwa tangu Eweka wa Kwanza, yapata mwaka 1200.

Kwa Waedo sheria ya urithi ni moja na yajulikana na kila mtoto: mzaliwa wa kwanza wa kiume humrithi baba yake. Mrithi huyo hupewa cheo cha Edaiken, na hukaa kwanza mahali paitwapo Uselu kabla ya kuvikwa ufalme. Wakubwa waitwao Uzama wana kazi yao katika kumweka. Oba akifa, watu hawasemi waziwazi kwamba amekufa; husemwa kwamba chokaa nyeupe imevunjika. Sheria ya mzaliwa wa kwanza nayo haikuwako tangu mwanzo. Ilithibitika yapata miaka ya 1700, baada ya muda mrefu ambao ndugu wa matawi mbali mbali walikuwa wakigombea kiti hata ufalme ukadhoofika. Na hata baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19, ndugu wawili, Ogbebo na Osemwende, walipigania kiti hicho. Hivyo hata sheria iliyo wazi haizuii ugomvi siku zote, hupunguza tu.

Mwaka 1897 Waingereza waliuteka mji wa Benin, wakachukua sanamu nyingi za shaba, wakamhamisha Oba Ovonramwen mpaka Calabar. Akafa huko mwaka 1914. Kwa miaka 17 kiti kilikuwa kitupu. Serikali iliwapa wakubwa wengine madaraka, lakini watu hawakusahau sheria yao. Mwaka ule ule wa 1914 mwana mkubwa wa Ovonramwen akavikwa ufalme, akaitwa Eweka wa Pili. Alipokufa mwaka 1933 mwanawe Akenzua wa Pili akamrithi, na wakati huo Gavana wa Nigeria alikuwa Cameron yule yule, aliyekuwa amerudi huko tangu mwaka 1931. Nigeria ikapata uhuru mwaka 1960, Oba akabaki. Mwaka 2016 Ewuare wa Pili akakaa kitini mwa baba yake, Erediauwa.

Basi Cameron alitumia fikira moja katika nchi mbili. Benin aliikuta nyumba ya kale iliyojengwa na wenyeji wenyewe. Musoma mlango ulijengwa kwanza na Serikali, kisha nyumba ikatafutwa nyuma yake.

TANGU BURITO HATA MWAKA 1963

Chifu Burito alipokufa mwaka 1942, mwanawe Edward Wanzagi alishika mahali pake. Hapo ndipo lile jibu la upesi tulilolitaja mwanzo lilipokuwa kweli: baba amekufa, mwana amekaa. Cheo alichorithi Wanzagi kilikuwa cheo cha Serikali, chenye mshahara, baraza na kodi. Heshima ya zamani ya mvua na ya vizazi ilikuwa na njia zake nyingine, wala haikupita yote katika mlango huo.

Mwana mwingine wa Burito, aliyezaliwa mwaka 1922 na mke wa tano, Mugaya, alikuwa kijana wa shule wakati huo. Kwanza aliitwa Mugendi, kisha kwa shauri la mganga jina likageuzwa, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Twaona hapo kwamba hata nyumbani kwa chifu wa Serikali neno la mganga lilikuwa na nguvu yake, na jina la mvua lilihesabiwa kuwa jina jema la kumpa mtoto. Kijana huyo ndiye Julius Nyerere, aliyesoma Mwisenge hapa Musoma, kisha Tabora na Makerere, na mwaka 1962 akawa Rais wa kwanza wa Tanganyika.

Mwaka 1963, naye akiwa Rais, sheria ya machifu ilifutwa. Mabaraza yao yakafungwa, mishahara ikakoma, na kazi zao zikapewa mahakama za Serikali na halmashauri. Nyumba ya baba yake mwenyewe haikuachwa nje ya sheria hiyo. Wengine hushangaa kwamba mwana wa chifu alikubali jambo hilo. Lakini mtu aliyekulia Butiama, mahali ambapo cheo cha chifu kiliwekwa katika siku za watu waliokuwa hai bado, hakuwa na sababu ya kudhani kwamba cheo hicho hakiondoleki.

Tena yafaa kulinganisha. Katika Uganda wafalme waliondolewa kwa sheria mwaka 1967, lakini Waganda hawakuacha kumtaja Kabaka wao, na mwaka 1993 alirudi katika kiti, ingawa bila madaraka ya Serikali. Benin kiti kilikaa kitupu miaka 17, kikajazwa tena. Musoma sheria ilipopita, utawala wa machifu uliisha bila vita wala machafuko. Sababu haikuwa udhaifu wa watu. Ni kwamba kilichoondolewa hakikuwa na mizizi mirefu. Mizizi mirefu ilikuwa mahali pengine, na sheria haikuigusa.

KILICHOBAKI

Wazee wa koo wangali wakiitwa kupatanisha watu. Neno ritongo lingali likitumiwa katika Mara kwa mkutano wa watu wa kuilinda nchi yao. Makaburi ya wakubwa na milima yenye majina ya waanzilishi yangali yakiheshimiwa. Huko Mwitongo, Butiama, yako makaburi ya Burito na Mugaya, na tangu mwaka 1999 kaburi la mwana wao Julius. Watu hufika huko kutoka mbali.

Jina la chifu nalo halikupotea, ila maana yake imegeuka. Mwezi wa Septemba 2021 machifu walikusanyika Kisesa, Wilaya ya Magu, wakampa Rais Samia Suluhu Hassan jina la Chifu Hangaya. Hakulirithi kwa baba wala kwa mama, alipewa. Mtu akumbukaye kisa cha Nyakinywa hatashangaa kuona mgeni tena mwanamke akipewa heshima hiyo.

Lakini jambo moja lisisahauliwe. Kwa sheria ya leo jina la chifu au la mtemi halimpi mtu mamlaka ya kuhukumu kesi, wala kutoza kodi, wala kugawa ardhi. Ardhi ya kijiji huangaliwa na halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtu akija kwako akisema, "Mimi ni wa ukoo wa kitawala, kwa hiyo shamba hili ni langu," amechanganya mambo. Heshima ya ukoo wake huenda ikawa ya kweli, lakini hati ya shamba haitoki humo.

MASWALI MATATU

Basi watu wakija mbele ya wazee wakigombea jina la utawala, kuna maswali matatu yatakayoleta nuru.

La kwanza: Jina hili linatokana na kazi gani? Ni mvua, ni ubashiri, ni uzee wa kizazi, au ni barua ya Serikali? Yote huweza kuheshimiwa, lakini hayarithiwi kwa njia moja.

La pili: Lilipita kwa njia gani kabla ya mwaka 1926? Kama lilipita kwa watoto wa dada, mtu asidai kwa sababu ya baba. Kama lilipita kwa kizazi kizima, mtu mmoja asilitwae peke yake.

La tatu: Nani alimkubali? Katika habari zote tulizozieleza, za Ikizu, za Usukuma, hata za Waedo wenye sheria kali ya mzaliwa wa kwanza, hakuna mtu aliyejiweka mwenyewe. Walikuwako wazee wa kumchagua au wakubwa wa kumvika.

Walimu wanaweza kusaidia sana katika jambo hili. Wazee wanaojua habari hizi wanapungua kila mwaka, na mzee akifa na habari yake, haipatikani tena. Mwanafunzi akitumwa kwa babu yake na daftari, asiandike tu orodha ya majina ya machifu. Aandike pia kila mmoja aliwekwa na nani, kwa kazi gani, na aliondokaje. Orodha ya majina peke yake ndiyo iliyowadanganya Wadachi na Waingereza, wakadhani kwamba kila jina la kwanza katika nchi ni la mfalme.